Kuchora mtaa kwa sura za watu wake: mwongozo kamili kwa wakazi wa Dodoma

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, na hasa baada ya Dodoma kutangazwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, kuta zimeota kila upande: Ilazo, Nkuhungu, Miyuji, Nzuguni, njia nzima ya kwenda Mtumba. Ukuta mrefu wa kijivu, geti jeusi, kimya. Katika mitaa ya zamani kama Chang'ombe na Majengo, ukuta wa namna hiyo haukawii kugeuka mgongo wa jalala, maana hakuna anayeuona kuwa wake.

Mwongozo huu ni wa kijana, mwalimu, kikundi cha kina mama au mwenyekiti wa mtaa anayetaka kuchukua ukuta mmoja na kuweka juu yake watu wa pale pale, kwa simu ya kawaida, unga wa ngano na galoni chache za rangi. Nitaeleza brashi na rangi kwa kirefu, lakini nakuomba usiruke sehemu za kuomba, kusikiliza na kurudisha picha kwa wenyewe. Nimeona michoro mizuri sana ikifutwa, na kila mara chanzo kilikuwa huko.

Panga kwa kalenda ya mvua na upepo

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida Desemba hadi Aprili, kisha ukame. Kuomba ruhusa na kuzungumza na watu fanya wakati mvua bado zinanyesha. Picha zipigwe Aprili na Mei, vumbi likiwa bado limelala. Rangi ipakwe Mei na Juni. Baada ya hapo upepo unashika kasi, na rangi mbichi hunasa vumbi hadi ukuta ukawa kama msasa. Ukichelewa, fanya kazi kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi, basi. Mchana jua linakausha rangi kabla hujaisambaza, na mistari ya brashi inabaki inaonekana.

Kuchagua ukuta

Walimu wazuri wa jambo hili wako mkoani kwetu. Pale Kolo, wilayani Kondoa, kwenye barabara ya Babati, kuna michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951, naye aliikuta ikiwa na umri mrefu kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote. Ukienda na kikundi chako (pitieni kwanza ofisi ya Mambo ya Kale iliyopo Kolo mpate mwongozaji), tazameni mwamba kabla ya kutazama mchoro. Wale wachoraji walitumia majabali yaliyoinama mbele kama upenu: mvua haipigi moja kwa moja, jua la mchana halifiki. Halafu tazameni rangi iliyodumu. Ni nyekundu ya udongo wenye chuma, jamaa ya ile ngeu ambayo maseremala huchovya uzi kupigia mstari kwenye mbao. Jambo moja nasisitiza: msiguse, wala msimwagie mchoro maji ili ung'ae kwenye picha. Na mkumbuke kuwa baadhi ya miamba ile bado ni mahali pa matambiko. Salimieni, tulieni, ondokeni bila kuacha kitu.

Mkirudi mjini, tafuteni ukuta wenye upenu, au angalau wenye kivuli mchana. Upitieni kwa wiki nzima, asubuhi, mchana na jioni, muone nani anapita, nani anakaa, bodaboda wanaegesha wapi, takataka zinatupwa saa ngapi na nani. Ukuta unaofaa ni ule ambao watu tayari wana sababu ya kusimama karibu nao: kwenye bomba la maji, genge, kituo cha daladala, njia ya watoto wa shule.

Kagua afya yake. Gonga kwa kiganja. Lipu inayotoa sauti ya uwazi itadondoka. Angalia sehemu ya chini. Kama kuna unga mweupe na rangi ya zamani imebabuka, ukuta unatoa chumvi, na maeneo mengi ya Dodoma yana tatizo hilo. Rangi yoyote utakayoweka hapo itasukumwa nje. Anzia juu ya mstari wa chumvi au tafuta ukuta mwingine. Kama lipu ni mpya, isubiri siku 28 ikomae, la sivyo ukali wa saruji utaharibu rangi.

Neno kuhusu jalala. Rangi haizoi taka. Mtaa ukichora juu ya jalala bila kukubaliana taka zitakwenda wapi na nani atazibeba, baada ya mwezi mtakuwa na jalala lenye picha. Hilo lizungumzwe kwenye mkutano wa mtaa kabla hata ya kununua brashi.

Ruhusa

Anza na mwenye ukuta, na hakikisha ni mwenye ukuta kweli. Mwaka mmoja tulipewa ruhusa kwa moyo mkunjufu na mtu tuliyemdhani ndiye baba mwenye nyumba. Alikuwa mpangaji. Mwenye nyumba aliporudi kutoka safari, mchoro wa siku tisa ulipakwa chokaa asubuhi moja, na kwa haki kabisa. Tangu siku hiyo tunaandika barua ya ukurasa mmoja: jina la mmiliki, ukuta upi, mchoro wa awali umeambatishwa, utakaa muda gani (miaka miwili ni muda wa kiungwana), nani ataurekebisha, na nani atarudishia rangi ya kawaida muda ukiisha. Mwenyekiti wa mtaa anasaini kama shahidi, na nakala inabaki kwa afisa mtendaji wa mtaa.

Ukuta wa shule, zahanati au soko unahitaji barua kupitia kwa mkuu wa taasisi na Halmashauri ya Jiji. Afisa utamaduni ni mlango mzuri wa kuingilia. Kingo za barabara na madaraja zina wenyewe pia: TANROADS kwa barabara kuu, TARURA kwa za mitaani. Nguzo za umeme na transfoma ziache kabisa.

Mnapopeleka mchoro wa awali, angalieni rangi zinakaaje pamoja. Kijani kikikaa na njano, au bluu na nyekundu na nyeupe, watu watasoma chama, hasa mwaka wa uchaguzi, hata kama ninyi mlifikiria nyasi na alizeti.

Kupiga picha: hapa ndipo penye kazi

Siku ya kwanza nenda bila kutoa simu. Kaa. Nunua karanga. Wazee wa Kigogo ukiwaamkia "Mbukwenyi" kabla ya kuingia kwenye Kiswahili, mazungumzo yanachukua sura nyingine, maana umeonyesha kuwa unajua uko kwa nani. Siku ya pili ndiyo uombe. Mimi husema hivi: "Shikamoo mama. Mimi ni mtoto wa hapa hapa, nakaa nyuma ya msikiti. Mtaa unataka kuchora ule ukuta wa bombani, na tunatafuta sura za watu wa hapa. Naomba nikupige picha ukiwa kazini kwako. Picha nitakuletea uione kwanza. Ukikataa hata baada ya kuiona, hatutaitumia."

Sentensi hiyo ya mwisho izingatiwe kama deni. Akikataa, hakuna kubembeleza na hakuna kupiga kwa kuiba kutoka ng'ambo ya barabara. Mwingine ana sababu za dini, mwingine ana madeni, mwingine kamkimbia mume. Huwezi kujua, na haikuhusu.

Anayekubali aweke saini au dole gumba kwenye karatasi inayosema picha itatumika wapi: ukutani tu, au pia mtandaoni. Hayo ni mambo mawili tofauti na wengi hukubali la kwanza wakakataa la pili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kufanya kazi Mei 2023, hivyo karatasi hiyo inakulinda na wewe. Mtoto hasaini; anasaini mzazi au mlezi. Usipige kambi za jeshi, vituo vya polisi wala majengo yenye ulinzi, hata kama mwanga umekaa vizuri kiasi gani.

Sasa picha yenyewe. Picha ya kuchora ukutani haifanani na picha ya kuweka kwenye simu. Unahitaji uso wenye upande mmoja wa mwanga na mmoja wa kivuli, na mandhari ya nyuma yasiyo na vurugu, kwa sababu mchoraji atageuza kila kivuli kuwa umbo. Piga kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Adhuhuri jua la kwetu linasimama utosini, macho yanageuka mashimo meusi. Kama huna muda mwingine, msogeze mtu chini ya kibaraza au mwarobaini, uso wake uelekee nje palipo na mwanga.

Futa lenzi kwa kitambaa safi kila mara, maana vumbi la Dodoma linaingia hata mfukoni. Rudi nyuma hatua mbili au tatu. Ukiwa karibu mno simu inavimbisha pua na kuyarudisha masikio nyuma. Simama usawa wa macho yake. Kama amekaa kwenye kigoda, nawe chuchumaa. Usimweke mtu mweusi mbele ya anga jeupe au ukuta wa chokaa, kwa sababu kamera itapima mwangaza wa ukuta na uso utazama gizani. Mandhari ya nyuma yawe ya rangi ya wastani, kama mlango wa mbao, udongo au majani. Kisha gusa uso wake kwenye kioo na uvute mwangaza juu kidogo, hadi uone ngozi ina rangi zake zote: hudhurungi, wekundu, na ule mng'ao wa paji la uso.

Usiishie kwenye nyuso. Piga mikono ikipukuchua karanga, mikono ya fundi baiskeli ikitafuta pancha kwenye beseni la maji, foleni ya ndoo za njano, kanga iliyofungwa kiunoni. Mkono mmoja uliochorwa kwa urefu wa mita mbili unaweza kusema mengi kuliko kundi la watu kumi, na hutumia rangi kidogo.

Siku ya kuchagua

Chapa picha ishirini hivi, ukubwa wa nusu karatasi. Funga kamba kati ya miti miwili, zining'inize kwa vibanio vya nguo, na chini ya kila picha weka kopo. Kila anayepita apewe punje tatu za mahindi atumbukize anapopenda. Anayejua kusoma na asiyejua wako sawa, na mtoto anapiga kura kama babu yake. Jumamosi jioni ni muda mzuri.

Hapo nimejifunza zaidi kuliko kwenye mafunzo yoyote. Mgeni anayefikiria Dodoma huleta zabibu, mbuyu na kina mama wa muheme na ngoma zao. Ni vyetu na tunajivunia. Lakini mtaani kwetu punje zilimiminika kwenye kopo la bibi mmoja aliyekuwa akiuza uji alfajiri kwa vibarua, kwa sababu nusu ya mtaa ilikuwa imewahi kunywa uji wake kwa mkopo. Mchoraji wetu alitaka ngoma. Alichora bibi.

Wakati watu wanatazama picha, awepo mtu mwenye daftari. Swali moja linatosha: "Hapa zamani palikuwaje?" Utasikia tembe la nani lilisimama wapi, kisima kilikuwa wapi, nani alikuja kwa treni ya mkaa. Maneno hayo yanaweza kuwa mandhari ya nyuma ya mchoro.

Jioni hiyo kila aliyepigwa picha aondoke na nakala yake. Usiahirishe. Nimeingia nyumba ambapo picha tuliyompa mama miaka kadhaa iliyopita ndiyo pekee aliyonayo ukutani.

Jaribio la uji wa ngano

Kabla ya rangi, bandika karatasi kwa ukubwa kamili, mtaa uone. Msanii wa picha Mfaransa anayejiita JR alifanya jambo la jirani na hili Kibera, Nairobi, mwaka 2009: alifunika mapaa kwa macho na nyuso za wanawake wa pale, na akachapa kwenye turubai lisilopitisha maji ili picha iwe pia kinga ya mvua kwa wenye nyumba. Ile akili ya picha yenye kazi mbili ndiyo ya kuiga.

Hapa mjini ujenzi umeleta maduka yanayochapa michoro ya nyumba kwenye karatasi kubwa za A0, yaani karibu milimita 841 kwa 1,189. Waombe wachape picha yako nyeusi na nyeupe kwenye karatasi nyembamba ya kawaida. Karatasi nene inayong'aa haishiki ukutani. Kama huna uwezo huo, igawe picha katika karatasi za A4 na uziunge. Hakikisha wino hautiririki ukilowa. Jaribu kipande kwa kidole chenye maji.

Gundi ni hii. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano na kikombe kimoja cha maji baridi hadi mabonge yaishe. Chemsha vikombe vitatu vya maji, mimina ule mkorogo taratibu huku ukisonga, acha kwenye moto mdogo hadi upate uji mzito unaovutika. Upoe. Paka ukutani, bandika karatasi, kisha paka tena juu yake ukisukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni. Utumie siku hiyo hiyo au kesho yake. Kwa joto letu unachacha upesi.

Bandika juu ya mita moja na nusu. Chini ya hapo mbuzi watakula, maana ni unga. Nasema kwa kuwa nimewaona wakimaliza kidevu cha mtu mzima ndani ya dakika kumi.

Acha karatasi wiki mbili. Sikiliza wanaopita wanasema nini. Kama kuna ugomvi, ni nafuu utokee kwenye karatasi.

Rangi

Kwangua rangi iliyolegea, piga brashi ya waya, fagia, kisha osha na uache ukauke siku mbili. Ziba nyufa. Piga praima ya nje, yaani rangi ya awali ya kushikisha nyingine, mkono mmoja (tabaka moja). Mita 0.5 za chini zipake rangi ya mafuta ya kahawia iliyoiva. Mvua itakaporusha tope jekundu, halitaonekana na litafutika.

Hesabu ya rangi iko hivi. Ukuta wa mita 6 kwa 2.5 ni mita 15 za mraba. Mikono miwili ni mita 30. Kwenye lipu laini lita moja ya rangi ya maji ya nje hufunika mita 8 hadi 10 kwa mkono mmoja, lakini lipu zetu nyingi zinakwaruza, kwa hiyo hesabu 6. Unahitaji lita 5 za rangi ya msingi, na galoni moja ya lita 4 haitatosha. Rangi za picha yenyewe nunua nyeusi, nyeupe, nyekundu ya udongo, njano ya udongo na bluu, halafu changanya. Rangi za asili ya chuma, yaani nyekundu, kahawia na njano ya udongo, hustahimili jua sana. Ndizo zilizobaki Kolo. Pinki na zambarau za bei nafuu hupauka mapema, hivyo ziweke mahali padogo unapoweza kupaka upya.

Kuhamisha picha: ifanye nyeusi na nyeupe kwenye simu, ongeza ukali wa kivuli hadi zibaki ngazi nne tu, yaani nyeusi, kivuli, wastani na mwanga. Ichape kwenye A4, kisha chora miraba ya sentimita 2 katika eneo la sentimita 28 kwa 16. Utapata miraba 14 kwa 8. Ukutani piga miraba ya sentimita 25 kwa uzi uliochovywa ngeu au unga wa chaki: mchoro utakuwa mita 3.5 kwa 2. Andika namba juu na herufi pembeni, kisha nakili mraba baada ya mraba kwa mkaa. Usitazame uso mzima. Tazama mstari unaingilia wapi kwenye mraba na kutokea wapi. Mkaa futa kwa kitambaa kikavu kabla ya rangi, usichafue.

Paka kuanzia ngazi ya giza kwenda ya mwanga, na macho yaache mwisho, siku ambayo mkono haujachoka. Kila baada ya nusu saa vuka barabara utazame kwa mbali. Jukwaa la mirunda lifungwe na fundi anayelijua na alipwe. Ngazi iliyoegemezwa ishikwe na mtu muda wote. Anayetumia rangi ya kupuliza avae barakoa nzito, na watoto wakae mbali.

Watoto watataka kushika brashi, na wapewe. Mandhari ya nyuma, mkanda wa chini na mapambo ya kanga ni kazi yao. Uso uachieni mkono mmoja au miwili, kwa heshima ya mwenye uso.

Fedha zote, kuanzia mchango wa genge hadi wa mdhamini, ziandikwe kwenye karatasi moja ya mapato na matumizi, ibandikwe ofisi ya mtaa. Mdhamini akitaka nembo yake iwe kubwa kuliko bibi wa uji, mshukuruni na mtafute mwingine.

Baada ya brashi kuoshwa

Piga picha ya ukuta kutoka mahali pale pale na saa ile ile uliyopiga kabla ya kazi. Simama kwenye alama uliyoweka. Rudia baada ya miezi mitatu, sita na kumi na miwili, na picha hizo ndizo zitakuambia kama taka zimerudi, kama mtu ameweka benchi, kama genge limesogea karibu. Weka ukutani jina la mchoraji na la mpiga picha. Kwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 kazi hiyo ina mwenyewe. Na duka likija kutaka sura ya bibi kwenye tangazo lake, jibu linatoka kwa bibi, hata kama picha ulipiga wewe.

Bakiza nusu chupa ya kila rangi, ifunge, iandike jina na tarehe, iwekwe ofisi ya mtaa. Kila Mei, mvua zikikatika, osheni vumbi kwa maji na kitambaa laini, zibeni palipobabuka.

Liko jambo moja ambalo hatukuliandika kwenye barua yetu ya kwanza na sasa tunaliandika: mwenye sura akifariki, familia ndiyo itasema kama mchoro ubaki. Bibi wa uji alifariki wakati mchoro una mwaka na miezi. Tulikwenda msibani na rangi nyeupe tayari iko ofisini, tukiamini watataka afutwe. Mwanawe mkubwa alituuliza jambo moja tu, kama tunaweza kuongeza sufuria, maana kwenye picha halikuonekana. Tukaongeza, na moshi wake. Mwezi Mei uliofuata mjukuu wake alikuja ofisi ya mtaa kuomba chupa ya kahawia, akapaka ule mkanda wa chini peke yake.